Mafuta ya Nyumba ya Eda

Nizwa, Jumatano 2 Februari 1977

Mwanangu Hamda,

Marahaba, ijapokuwa hujaniamkia, maana nakujua: ukiwa na jambo la kusema salamu huziruka. Barua ya mumeo imenifikia juzi. Nadhir ameandika mistari minne tu, utadhani analipia kila neno, lakini katika minne hiyo amesema umejifungua salama Alhamisi, mwanamume, na kwamba mmempa jina la marehemu babako. Nimelia mpaka mke wa kakako, Badriya, akaja mbio kutoka jikoni akidhani umetufika msiba wa pili. Nikamwambia, mwenzangu, Khelef amerudi duniani na hana jino hata moja.

Nina hasira, mwanangu, na sijui nimkasirikie nani. Mikono hii imechua wazazi wa Malindi na Mkunazini kule Unguja tangu wewe hujazaliwa. Hata hapa Nizwa, wanawake wasiojua neno la Kiswahili hutuma watu kuniita. Leo mtoto wangu mwenyewe ana arubaini yake huko Sur, na mimi ni kizuka, siruhusiwi kuvuka kizingiti, eda ya babako haijafika nusu. Mungu ndiye aliyepanga, sina la kusema. Lakini inauma.

Basi nakuletea nilichoweza. Marhoun wa lori anaondoka leo, kesho ana soko lake la Sinaw, Ijumaa akijaaliwa atakuwa kwako. Amebeba chupa mbili. Ile kubwa ni yako wewe mzazi, mafuta ya ufuta yaliyokolezwa karafuu na tangawizi, uchuliwe kiuno na mgongo kabla hujafungwa mkaja. Ile ndogo ya kijani ni ya mtoto. Nazi zake zimetoka Salala, na Badriya amezipata sita tu kwa kuombana. Tui limechemshwa kwa moto mdogo mpaka mafuta yakaelea na mashapo yakaiva, kisha yakachujwa kwa bafta mara tatu. Ndani yake mna matone matatu ya mafuta makali ya mawaridi, yale ambayo watu wa Jabal Akhdhar huyaengua juu ya maji yao ya mawaridi. Matatu kwa chupa nzima. Mafuta ya matone si mchuzi, hayaongezwi kwa kuonja.

Mpake asubuhi na jioni baada ya kumkosha. Yatie kiganjani wala usiyaweke motoni, sugua viganja mpaka vipate joto lao. Anza na nyayo, panda mapaja, tumbo ulizungushe polepole, mgongo uwe mwisho. Usoni usimpake, wala vidoleni, atavinyonya.

Mafuta yoyote ya mtoto mchanga hujaribiwa kwanza. Hunuswa, hupakwa ndani ya kiwiko cha mtu mzima, na hungojewa siku nzima. Hilo lisikuhangaishe, nimeshayanusa na kuyapima mwenyewe kwa mkono wangu. Wewe mpake tu.

Ami yako Muslim anawasalimu. Kila Ijumaa huja kunikagua kama mimi mzigo wa forodha, kisha hunywa kahawa vikombe vitatu akaenda zake.

Mbusu Khelef nyayo zote mbili kwa niaba yangu.

Mamako,
Mabruka


Sur, Jumamosi 5 Februari 1977

Mama mpenzi, shikamoo. Umeona? Leo nimeanza na salamu.

Marhoun alifika jana kabla ya Magharibi, ana vumbi mpaka kwenye kope. Nilifungua kwanza ile chupa ya kijani, Mama, nikainusa. Kwa nini hukuniambia? Umeandika nazi na mawaridi, na kweli mawaridi yapo, lakini nyuma yake yupo Baba. Baba mwenyewe! Ile harufu ya kifua chake siku za baridi, alipokuwa na kikohozi, ukishamchua nami nikija kumlalia ubavuni. Nimefahamu ulilolifanya. Hukutaka kuliandika kwa sababu uko eda, na wajua ami angesema nini akisikia. Umemletea mjukuu harufu ya babu yake ili amjue. Sijapata kupewa zawadi kama hii tangu kuzaliwa. Nilimpaka Khelef huku nalia, machozi na mafuta yakachanganyika.

Mama mkwe wangu, Bi Turkiya, amenuna. Aliinusa chupa akasema kwa Kiarabu chake cha Sur, "Hada qawi, ya binti, qawi wajid." Ati makali, makali sana. Yeye anataka mtoto apakwe mafuta ya ufuta matupu kama walivyopakwa wanawe. Nikamwambia mama yangu ameshachua watoto wengi kuliko mitende ya baba yake. Najua, Mama, usinigombeze, ulimi wangu unaujua. Tangu hapo hasemi nami ila kwa kupitia kwa Nadhir.

Khelef hajambo. Ngozi ya tumbo imewiva kidogo, imekuwa nyekundu, nadhani ni joto la mablanketi, nimemvika fulana ili Bi Turkiya asipate la kusema. Na ananilalia sana! Kabla ya mafuta alikuwa akiamka kila saa, analia kama anayedai haki yake mahakamani. Leo asubuhi nimemkuna nyayo muda mrefu ndipo akafumbua macho, akanyonya kidogo, akalala na ziwa mdomoni. Nadhir anasema mtoto mtulivu ni neema na tusiitie kijicho.

Kama ungekuwa hukuandika kuwa umeyapima mwenyewe, labda ningeogopa kidogo. Lakini umeandika. Marhoun anaondoka kesho, Jumanne atakuwa kwenu. Mpe Badriya salamu zangu, na mwambie nazi zake zimemfaa mtu.

Binti yako,
Hamda


Nizwa, Jumanne 8 Februari 1977, saa nane mchana

Hamda,

Usimpake tena. Usimpake hata tone moja.

Mkoshe mwili mzima kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha mkoshe tena. Shingoni, kwapani, mapajani, popote palipokunjana. Nguo alizozivaa na mablanketi uyaondoe chumbani. Mtoe nje apate hewa. Usimwache alale moja kwa moja, mwamshe anyonye. Ukimwona analegea, au anakakamaa, au pumzi yake inakatika, usimngoje Nadhir atoke kazini, mchukue hospitali, na chupa uichukue.

Mafuta yale si niliyoyakusudia. Yamekosewa hapa nyumbani. Ni kosa la jikoni, usiniulize zaidi sasa hivi, nitakueleza nikikuona. Wala sikumtumia mtu harufu ya mtu. Laiti ningekuwa na akili ya kufikiri hivyo.

Marhoun haondoki mpaka kesho, na Sinaw atalala. Sikumngoja. Barua hii anaichukua askari mmoja, Marzouq, anayekwenda likizo kwao Jalan Bani Bu Hassan kwa gari la wenzake. Nimemwapisha kutoka nyuma ya mlango kwamba atafika Sur kwanza kabla hajamwona mamake. Akifika mpeni chochote anachokitaka.

Hamda, Bi Turkiya amesema kweli. Msikilize.

Mamako


Nizwa, Jumanne hiyo hiyo

Wifi Hamda,

Salaam. Mama hajui kwamba nakuandikia. Nitampa Marzouq karatasi hii mlangoni pamoja na ile yake, na nitamwambia zote mbili ni za kumwokoa mtoto, asiipoteze hata moja.

Mama amekuandikia kwamba ni kosa la jikoni. Jikoni ni mimi.

Nitakueleza yote na sitajitetea. Mama hakuyapika yale mafuta. Wiki mbili zilizopita, tulipoanza kuyaandaa kabla hujajifungua, mimi nilikuwa nimefungua kichupa cha mawaridi jikoni, na Ami Muslim akaingia. Akasimama barazani akasema nyumba ya eda inanukia kama nyumba ya harusi, na marehemu hata kaburi lake halijakauka. Alisema kwa sauti, majirani wakasikia. Tangu siku hiyo Mama aliapa kutotia pua yake kwenye kitu chochote chenye harufu mpaka atoke eda. Alikaa chumbani, mlango umerudishwa, amejifunga kitambaa puani, akawa ananiambia fanya hivi, fanya vile, na mimi nafanya.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipokuwa nachuja mara ya tatu, sufuria iliniponyoka. Zaidi ya nusu yakamwagika sakafuni. Nazi sita, wifi! Mnajua mnavyotutania sisi wa Tabora, kwamba nazi tuliiona mara ya kwanza kwenye meli. Nikaona nikisema, nitakuwa mke wa bara asiyejua hata kuchuja mafuta mpaka siku ya kufa kwangu. Kabatini kulikuwa na chupa ya Baba, ile aliyokuwa anachuliwa kifua mwezi wa Novemba. Nayo ni mafuta ya nazi, rangi moja. Nikasema moyoni, ni mafuta ya nyumba hii hii, mkono ni wa Mama huyo huyo, na yalikuwa yanamsaidia Baba kupumua. Yatamdhuru vipi mjukuu wake? Nikajaza chupa ya mtoto kwa hayo, nikaongeza mawaridi yafunike.

Nilikuwa nina hakika Mama atanusa. Nilijua atanigundua na kunigombeza, na nilishajiandaa kugombezwa. Hakunusa. Alinisukumia nta kupitia mlangoni, akasema ziba upesi harufu isitoke. Nikaziba. Kisha nikamsikia anaisoma barua yake kwako kwa sauti huku anaandika, kwamba ameyapima mwenyewe kwa mkono wake. Nikanyamaza. Tukanyamaza wote wawili, kila mtu na lake.

Leo alipofika kwenye mstari wa Baba katika barua yako, alikuja jikoni. Hakuniuliza kama ni mimi. Aliniuliza tu, "Kiasi gani?"

Sasa sikiliza, hili ndilo muhimu. Mpe daktari. Chupa ya Baba ilipikwa hivi: kikombe kimoja cha mafuta ya nazi, kafuri, ile nyeupe ya maiti, vipande vinne, kila kimoja ukubwa wa kokwa ya tende, vikasagwa, mafuta makali ya mkaratusi vijiko viwili vya chai, mafuta makali ya karafuu kijiko kimoja. Katika chupa ya mtoto zaidi ya nusu ni hayo. Nimeyaandika yote kwa Kiingereza nyuma ya karatasi hii. Shule niliyosoma imefaa siku moja.

Nisamehe, wifi. Nasema hivyo nikijua kwamba sina uso wa kuomba.

Badriya


Hospitali, Sur, Jumanne 8 Februari 1977

Mama,

Khelef amepata degedege jana adhuhuri. Nilikuwa nimemaliza kumpaka, nikamfunika, nikaona mkono mmoja unarukaruka. Kisha mwili mzima. Macho yakapanda juu yakabaki meupe. Sijui nilipiga kelele gani, Bi Turkiya alikuja bila buibui, akamchukua, tukakimbia mpaka barabarani. Lori la samaki kutoka Ashkhara ndilo lililotupakia.

Sasa amelala. Si kulala, ni kulegea. Ukiunyanyua mkono wake unaanguka. Asubuhi ya leo imemjia tena, mara mbili.

Daktari ni Mhindi, mpole, hana usingizi. Ameniuliza mara tatu mtoto amenyweshwa nini, amepakwa nini. Nikamwambia ni mafuta ya nazi na matone matatu ya mawaridi, mama yangu ni mkandaji wa miaka thelathini, ameyanusa na kuyapima mwenyewe. Akaniuliza, una hakika? Nikaitoa barua yako, Mama, nikamfasiria neno kwa neno. Harufu ya Baba sikuitaja, hiyo niliona ni siri yako ya eda. Akatikisa kichwa, akalikata neno la mafuta kwenye karatasi yake. Nadhir ana mafua kichwani, hasikii harufu ya kitu, na wodi yote inanuka dawa. Daktari sasa anadhani ni homa ya ubongo. Alhamisi asubuhi anataka kumchoma sindano ya mgongo atoe maji. Mtoto wa siku kumi na mbili, Mama. Mgongo wake si mpana kuliko kiganja changu.

Nesi hataki apakwe kitu. Lakini chupa iko chini ya shela langu. Akitoka, nampaka nyayo na kifua, kwa siri. Mikono yangu inataka kufanya kitu, na hii ndiyo kazi pekee uliyonifunza. Leo nimempaka mara tatu. Bi Turkiya ameniona akaniwania chupa, tumevutana mbele ya wagonjwa kama watoto wa mtaani. Nimemwambia ataivunja chupa hii juu ya maiti yangu.

Niambie, Mama. Labda nampaka kidogo mno? Labda niongeze?

Mwalimu mmoja anakwenda Nizwa kwa landrova, ameahidi kukufikishia. Njoo kama unaweza. Najua huwezi. Njoo.

Hamda


Nizwa, Alhamisi 10 Februari 1977

Shemeji Muslim,

Assalaam aleikum. Utakaporudi kutoka Sinaw utaikuta karatasi hii chini ya dele la kahawa, na mimi utanikosa. Nimekwenda Sur na mwanangu Abdullatif, aliyefika leo kutoka Maskati. Siku sitini na sita nimekaa ndani kama ulivyoniagiza, ya sitini na saba nimetoka. Anayetaka kuhesabu na ahesabu.

Barua ya Hamda imenifikia leo saa tatu. Anapaka sumu juu ya mtoto wake na ananiuliza aongeze. Barua yangu ya Jumanne sijui kama imefika au askari ameipitiliza Jalan. Siwezi kukaa tena nyuma ya mlango nikingoja karatasi.

Nataka ulijue jambo moja kutoka kwangu, usilisikie sokoni. Wewe ulisema nyumba yangu inanukia kama ya harusi. Sheria niliyoisoma mimi inamkataza mjane kujipaka manukato. Haimkatazi kunusa dawa ya mtoto ajue kama itamuua au itamponya. Nilikuwa nalijua hilo, shemeji, nalijua vizuri kama ninavyoijua Fatiha. Lakini niliisikia sauti yako barazani, nikaogopa masikio ya majirani, nikajifunga kitambaa, kisha nikamwandikia mwanangu kuwa nimenusa. Sikuambii hivi ili nikupe dhambi yangu. Yangu ni yangu. Nakuambia ili siku nyingine ukisimama kwenye baraza ya mwanamke, uteremshe sauti.

Badriya usimuulize kitu. Yeye hajui lolote, mimi ndiye niliyechanganya chupa.

Funguo ziko kwake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi leo nina wana wawili huko.

Mabruka


Sur, Jumapili 20 Februari 1977

Wifi Badriya,

Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa sijui nianze na neno gani, na hata sasa sijui, basi naanza na lile unalolingoja: yuhai.

Marzouq alifika Jumatano baada ya Alasiri. Nyumbani walimwelekeza hospitali. Alikuwa hajalala, amevaa nguo zake za kiaskari, akapita wodini bila kumuuliza mtu mpaka akasimama mbele yangu na karatasi zenu mbili mkononi. Nilisoma ya Mama kwanza. Nilipofika kwenye "usimpake" nilikuwa na mafuta viganjani. Tulimkosha mimi na nesi na Bi Turkiya, tukamkosha mpaka akaanza kubabuka. Daktari akaja akauliza, kosa gani la jikoni? Kuna nini humo ndani? Nikaigeuza barua ya Mama huku na huku, hamna. Mama amemwandikia binti yake asiulize zaidi. Daktari akasema bila ya kujua hawezi kuacha sindano.

Ndipo nikaifungua yako. Nilimpa upande wa nyuma kabla sijasoma upande wa mbele. Akausoma akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa. Akasema neno moja la kwao. Sindano ya mgongo ikafutwa, dawa zikabadilishwa, akaweka mtu wa kumhesabia pumzi usiku na mchana. Mara mbili pumzi ilikatika, na mara mbili nesi akamrudishia kwa kile kipira cha hewa huku mimi nauma shela. Jumamosi ya tarehe kumi na mbili alinitafuta ziwa mwenyewe. Tangu hapo degedege haijamrudia. Tumbo lake limemenyeka ngozi na linaota mpya. Daktari anasema ni mapema kusema kama kuna jengine limebaki ndani, tutalijua akianza kukaa na kutambaa.

Kwa hiyo, wifi, mkono wako ndio uliomtia na barua yako ndiyo iliyomtoa. Yote mawili ni kweli na sijui niyapange vipi.

Mama alifika Ijumaa na kaka yangu. Alikuwa na mchanga mpaka masikioni, na hakutoa salamu, aliuliza tu, "Pumzi anayo?" Alipoambiwa anayo alimbusu nyayo zote mbili. Kisha akawaambia watu wote, daktari, Nadhir, Bi Turkiya, kaka Abdullatif, kwamba yeye ndiye aliyechanganya chupa kwa uzee na huzuni, na mke wa mwanawe hana habari. Alisema huku analia, na kila mtu akalia naye. Mimi nilikuwa na karatasi yako kifuani, ndani ya nguo. Nikamtazama mama yangu akinidanganya kwa mara ya pili kwa sababu ya mapenzi.

Nilingoja watu watoke. Nikamwambia nimeshasoma ya Badriya. Akasema, "Sikunusa. Niliogopa maneno ya Muslim kuliko nilivyomwogopea mtoto wako. Nikakuandikia nimenusa kwa sababu niliona haya kukuambia kwamba mamako ameogopa." Sikusema naye siku mbili. Sasa tunasema, juu ya maziwa na nguo za kufua. Anamalizia eda yake hapa, katika chumba cha Bi Turkiya, na jambo la ajabu ni kwamba wale wawili wanaelewana.

Na mimi nina langu. Niliiona ngozi imewiva siku ya kwanza. Nilimvika fulana ili Bi Turkiya asione. Mwanamke yule ndiye pekee katika sisi sote aliyenusa akasema alichokinusa, na nikamtukana mbele ya mwanawe. Nimembusu kichwa, nimemwomba radhi. Alinijibu kwa maneno mawili tu makali, nami nimeyastahiki hata yangekuwa mia.

Sasa sikiliza. Kaka Abdullatif atakuja Nizwa Alhamisi. Mpaka leo anaamini mamake ndiye aliyekosea, na nimemsikia akimwambia Nadhir kwamba bibi huyu asiachiwe tena dawa wala mafuta, akili zimeanza kumtoka. Mama anasikia na ananyamaza, kwa ajili yako. Mwambie mumeo mwenyewe. Mwambie kabla hujampakulia chakula. Usipomwambia nitamwambia mimi, na itakuwa vibaya zaidi.

Usidhani nakutisha. Nimechoka, wifi. Nimechoka na mapenzi haya ya kufichana. Wewe ulificha usivunjiwe heshima, Mama alificha nisimwone mnyonge, mimi nilificha nisishindwe na mkwe, na kila mmoja wetu alikuwa anampenda Khelef kwa dhati. Tungemzika tukiwa tunampenda hivyo hivyo.

Umeniomba nikusamehe. Leo bado. Nimejaribu kuliandika neno hilo mara mbili nikalifuta, kwa sababu halikuwa kweli, na mimi sitaki tena kumwandikia mtu maneno ya kumpoza. Siku nitakapoweza nitakuandikia, na utakapoiona barua hiyo uiamini.

Wifi yako,
Hamda